Lori limekugonga kwenye daivasheni? Fanya hivi kabla greda halijapita

Huku Kusini, Mtwara na Lindi, saivi ukitoka kidogo tu mjini unakutana na kifusi. Kuna kazi ya lami kutoka Mnivata kwenda Tandahimba, Newala mpaka Masasi, na upande wa Lindi tangu kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilivyoikata barabara ya Dar pale Somanga na Mikereng'ende watu walizoea kuona daraja linajengwa huku magari yanapitishwa pembeni, kwenye daivasheni. Katikati ya hizo kazi yanapita malori ya saruji ya Dangote kutoka Msijute, malori ya makaa ya mawe yanayoshuka toka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara, na msimu wa korosho ukifunguliwa ndo usiseme. Ongeza hapo tipa linalorudi nyuma bila mtu wa kuliongoza, vumbi, na boda asiye na taa.

Mimi nimekaa ofisi ya wakala wa bima, mafaili ya ajali nimeyashika mengi, na ya saiti za barabara ndo yanayofia njiani kuliko yote. Sababu ni kwamba eneo lenyewe linahama. Ajali ya kona ya kawaida, kona utaikuta hata mwakani. Kwenye saiti asubuhi yake greda limepita, lile tuta la moramu lililoziba nusu ya njia halipo, koni zimepangwa, na kibao ambacho usiku hakikuwepo kinang'aa hapo utadhani kimezaliwa hapo. Wewe uko hospitali ya Ligula umefungwa plasta. Halafu ukianza kudai, mwenye lori anamwonyesha mkandarasi, mkandarasi anamwonyesha yule aliyemkodi, wote pamoja wanakuonyesha wewe. Kwa hiyo kubwa ni mawili, uiwahi picha ya saiti ilivyokuwa, na ujue majina ya wote wanaohusika. Mengine yote wakili atayapanga.

Pale pale barabarani

Watu kwanza, simu baadae. Piga 112, na kabla hujaanza kuvuta majeruhi weka mtu mbele na mwingine nyuma na matawi au shati jeupe, kwenye vumbi la daivasheni lori linalofuata halioni kitu mpaka limefika na ajali ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza.

Majeruhi wakishapata usafiri ndo unatoa simu, na kama wewe ndo majeruhi mpe ndugu au hata boda wa kijiwe cha jirani kazi hii. Piga picha namba ya lori na namba ya tela, maana tela lina usajili wake na mara nyingi bima yake, watu wanasahau. Piga stika ya bima, jina lililoandikwa mlangoni, na ile namba ya ubavuni ambayo matipa ya saiti yanaandikwa kwa rangi. Halafu tafuta bango la mradi. Lile bango kubwa linaloandika mwenye mradi, mkandarasi, mhandisi mshauri na mfadhili, picha moja tu ya hilo bango inakupa majina ambayo watu wengine wanayatafuta miezi.

Sasa hapa pa muhimu. Kama hoja yako ni kwamba hakukuwa na kibao wala taa, picha ya kitu ambacho hakipo haipigiki. Unachofanya ni video moja ndefu bila kukata. Rudi nyuma kama mita mia mbili, washa kamera, tembea mpaka palipotokea ajali ukionyesha pembeni zote mbili, halafu rudia kwa upande wa pili. Hapo mtu yeyote anaona dereva alikuwa anaona nini au haoni nini. Kama ajali ilikuwa usiku, video ya mchana haitoshi, usiku huohuo au unaofuata apite mtu na gari taa zimewashwa aonyeshe kama kuna kitu kinachorudisha mwanga. Kifusi kipige pamoja na jembe au kiatu ili ukubwa uonekane. Palipokatika lami, kina chake kipime hata kwa kijiti. Kama boza la maji ndo limepita likaacha utelezi, video ya utelezi haraka maana jua la huku ndani ya saa moja limekausha ushahidi.

Na kibao kikiwepo kipige pia, usijifanye hujakiona. Kile cha spidi 30 au 40 cha mkandarasi kinaweza kumbana dereva wa lori kuliko maneno yako yote.

Picha zitume WhatsApp kama dokyumenti, sio kama picha ya kawaida, ili zisibanwe na tarehe ibaki ndani. Za orijino usizifute kwenye simu.

Mashahidi chukua namba mbili mbili. Wale vijana wa saiti wamekuona na watakuhurumia kweli, ila kesho wana kibarua chao na kijiji kizima kinategemea hizo ajira, usitegemee wasimame mahakamani dhidi ya foromani. Mtafute mama anayepikia wafanyakazi, muuza korosho za kukaanga, abiria wa Noah iliyokuwa nyuma, mtu asiyelipwa na upande wowote. Muulize pia jambo moja watu hawaliulizi: mshika bendera alikuwepo? Kama alikuwepo alikuwa amesimama wapi na alimruhusu nani kupita. Kwenye sehemu ya njia moja hilo swali peke yake linaweza kuamua kesi.

Mara nyingi kabla trafiki hajafika atafika mtu wa kampuni na bahasha, mpole sana, anakuita mzee wangu au mama yangu, anasema hii ni ya matibabu tumalizane kibinadamu. Kupokea hela ya matibabu sio kosa. Ila iandikwe kwamba ni ya matibabu na sio malipo ya mwisho, na karatasi yoyote yenye neno "sitadai tena" usiisaini ukiwa na maumivu, mfupa uliovunjika unaweza kudai oparesheni ya pili ambayo leo hakuna anayeijua.

Polisi na hospitali

PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ifuatiliwe siku hiyohiyo. Mgonjwa akiwa mahututi atibiwe kwanza na ndugu aende kituoni, usimkalishe mtu benchi anavuja damu kwa sababu ya fomu. Iwe umepelekwa Ligula, Sokoine Lindi, Ndanda au Nyangao, kila cheti, kila risiti, kila picha ya eksirei iweke, na zile dawa unazonunua nje dai risiti ya EFD. Nitakuambia kwa nini baadae.

Trafiki anachora mchoro wa eneo. Uwepo wewe au mtu wako anapochora, na umwonyeshe kwa heshima kabisa: afande, na hiki kifusi kipo hapa, na kibao cha kwanza kipo kule. Mchoro ukitoka una magari mawili tu na barabara nyeupe, mkandarasi ameshatoka kwenye kesi bila kufungua mdomo. Omba lori likaguliwe kabla halijaachiwa, breki na matairi, na kama lilikuwa na mzigo ulizia karatasi ya mizani, sheria ya Afrika Mashariki ukomo ni tani 56 kwa uzito wote na gari lililozidisha kwenye mteremko wa daivasheni halisimami hata dereva angekuwa malaika.

Dereva akishtakiwa kwa kuendesha kwa uzembe hiyo ni jinai, kesi ya Jamhuri, wewe ni shahidi tu. Watu wanakaa wanasubiri hakimu awalipe fidia, dereva anakiri anapigwa faini anaondoka na familia inalia imeonewa. Hapana, ile hukumu ndo silaha yako. Omba kopi iliyothibitishwa ya hukumu na mwenendo wa kesi, ukienda kudai fidia kwenye kesi ya madai mtu aliyekutwa na hatia hana nafasi kubwa ya kusema hakuwa mzembe.

Sasa unamdai nani

Hapa ndo penye utamu na ndo penye kuzungushwa.

Dereva ndo wa kwanza, ila dereva hana kitu. Mwajiri wake anabeba uzembe wa dereva aliyekuwa kazini, hilo halina ubishi sana kwenye lori la kampuni. Kwenye matipa ya saiti ndo pana fundo, kwa sababu mengi ni ya kukodi. Unakuta tipa ni la mtu wa Mikindani, dereva analipwa na huyo mtu, lakini asubuhi mpaka jioni anayemwambia beba hapa mwaga pale ni foromani wa mkandarasi. Mahakama itauliza nani alikuwa anamwongoza dereva kwenye kazi ile, na kwa kuwa wewe wa nje huwezi kuujua mkataba wao, wataje wote wawili waache wagombane wenyewe. Umiliki ulizia TRA kwa namba ya gari, na usishangae jina likiwa la mtu aliyeliuza zamani ila kadi haikubadilishwa, naye anaingia.

Mkandarasi anadaiwa kwa ya kwake mwenyewe, hata kama lori sio lake. Yeye ndo amekabidhiwa hiyo sehemu ya barabara, vibao, taa, koni, washika bendera, daivasheni inayopitika, na wajibu huo hauishi saa kumi na moja jioni wafanyakazi wakipanda gari kurudi kambini. Kifusi kilichoachwa katikati ya njia usiku bila alama ni uzembe wake. Kama kampa kazi mkandarasi mdogo, huyo naye muongeze. Mhandisi mshauri anaingia mara chache, ila barua za kumwonya mkandarasi kuhusu vibao huwa zipo kwenye mafaili yake na wakili wako anaweza kuziomba kupitia mahakama, barua moja ya namna hiyo ni dhahabu.

Halafu mwenye barabara. Barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, za wilaya na mitaa ni TARURA. Kwa kawaida mwenye kazi habebi uzembe wa mkandarasi anayejitegemea, kwa hiyo kusema tu "barabara ni yao" haitoshi, lazima uonyeshe uzembe wao wenyewe, mfano walishaambiwa kwamba pale panaua watu wakanyamaza. Ndo maana mnaokaa karibu na saiti, kama kona ya daivasheni inawatisha, mwenyekiti wa kijiji aandike barua kwa meneja wa mkoa sasa hivi na abaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Na ukitaka kuwashtaki, hizi ni taasisi za serikali, chini ya Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 5, unatoa kwanza notisi ya siku 90 kwa taasisi yenyewe, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali, Mwanasheria Mkuu anaunganishwa kwenye kesi, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu, kwa mikoa yetu ni pale Mtwara. Ukiruka hatua moja wanakutoa kwa pingamizi kabla hata hujaeleza ulivyovunjika. Maoni yangu, kama mkandarasi na mwenye lori wana bima nzuri na ushahidi upo, mara nyingi serikali sio lazima uiingize, unajiongezea mlima.

Na wewe mwenyewe umo. Boda iliyopakia mishikaki, bila helmeti, bila taa, ikaovateki kwenye njia moja, mahakama inagawa makosa na fidia inapungua kwa kiasi cha uzembe wako. Inapungua, haifutiki. Mtu wa bima akikuambia "ulikuwa huna helmeti kwa hiyo hudai kitu" anakupima akili.

Bima

Kila gari barabarani linatakiwa liwe na bima ya mtu wa tatu, hiyo ni Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, na bima hiyo ndo inayomlipa uliyegongwa kwa kifo au majeraha. Stika ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, kwa namba ya gari, za kufoji zipo. Wapelekee kampuni ya bima barua mapema, ikitaja ajali, tarehe, gari, na kwamba una nia ya kudai, na kesi ikifunguliwa wapewe taarifa rasmi tena, usipowapa wanapata mlango wa kutokea.

Ambacho wengi hawakijui ni kwamba bima ya gari inafuata gari. Kama umeingia na pikipiki kwenye mtaro uliochimbwa na kuachwa, au umegonga rola lililoegeshwa gizani na rola lenyewe halina hata namba, stika hakuna. Hapo unaulizia bima ya mkandarasi ya mradi, ile inayobeba madhara kwa watu wengine, miradi mikubwa mikataba yake inaidai. Barua yako kwa mkandarasi iwe na sentensi moja inayomtaka ataje kampuni yake ya bima na namba ya polisi, namaanisha hati ya bima, sio afande.

Aliyekuwa amepanda juu ya magunia ya korosho au ya mbaazi bima watamgomea sana, na utingo wa lori hilohilo sio mtu wa tatu, huyo ni mfanyakazi, njia yake nyingine nitaisema chini.

Bima wakikubali watakuletea dischaji vocha, karatasi ya kukiri umelipwa na hudai tena. Hiyo ukisaini umefunga faili. Isome, mpe mtu anayejua asome, na usisaini kabla daktari hajaandika kiwango cha ulemavu.

Kiasi cha kudai

Hasara unayoweza kuihesabu, matibabu, nauli, pikipiki, kipato ulichopoteza, mahakama zetu zinataka itajwe na ithibitishwe senti kwa senti, ndo maana nilikuambia risiti. Maumivu na ulemavu ni fidia ya jumla, hakimu anakadiria. Kipato ndo watu wanakwama, mkulima anasema mimi napata vizuri msimu wa korosho, sawa, iko wapi? Sisi huku tuna bahati, korosho inauzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, na hela inaingia benki, toa taarifa ya akaunti ya misimu iliyopita na karatasi za AMCOS, umemaliza. Boda toa mkataba wa pikipiki na miamala ya kupeleka hesabu kwa tajiri. Mama lishe hata daftari la mikopo ya kikundi linasaidia.

Kukiwa na msiba

Hili nilisemee taratibu. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera, mjomba ana sauti, na kampuni zinajua, kwa hiyo zinatafuta mjomba siku ya tatu ya matanga zikiwa na sanda, mchele na karatasi. Kwa heshima zote wajomba zangu, rambirambi pokeeni, karatasi msisaini. Sheria ya madai ya vifo, Sura ya 310, inawaangalia waliokuwa wanamtegemea marehemu, mke au mume, watoto, wazazi. Familia ikae kikao, iteue msimamizi wa mirathi, aende mahakamani akathibitishwe, mwenye barua ya usimamizi ndo anadai kwa niaba yao. Mjomba anaweza kuteuliwa pia, hakuna shida, mradi ajue hela ni ya wajane na yatima. Cheti cha kifo na ripoti ya daktari zifuatwe mapema.

Kama ulikuwa unafanya kazi saiti

Mshika bendera, dereva, utingo, kibarua wa kumwaga kokoto, wewe njia yako ni WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na hapo huhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu, unathibitisha tu kwamba umeumia kazini. Taarifa isipite miezi 12. Mwajiri ndo anatakiwa kuipeleka, asipoipeleka nenda mwenyewe. Ukiambiwa wewe kibarua huna mkataba usikubali haraka, jina kwenye daftari la mahudhurio na hela zilizoingia kwenye simu kila wiki zinaongea.

Muda

Madai ya uzembe kwa ujumla ukomo ni miaka 3, Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Inaonekana mingi, ila toa miezi ya hospitali, toa kusubiri kesi ya trafiki iishe, toa siku 90 kama kuna serikali, toa "njoo wiki ijayo" za bima. Maongezi na bima hayasimamishi saa. Na kuna madai ambayo muda wake ni mfupi zaidi, kwa hiyo kama kuna msiba au taasisi ya serikali, wakili umwone ndani ya mwaka wa kwanza, usivuke.

Na wewe dereva wa lori

Usione kama nakusema tu, nawe una haki. Ukigonga kwa sababu mshika bendera amekuruhusu huku mwenzie kule karuhusu upande wa pili, piga zile video zilezile nilizosema, tena wewe ndo uwahi, maana usiku huohuo vibao vitawekwa na kesho utaulizwa kwa nini hukuviona. Watu wakianza kujaa na mawe nenda kituo cha polisi kilicho karibu, jisalimishe, sema umekimbilia usalama wako. Data ya GPS ya gari mwambie tajiri aitunze, spidi ikionyesha 35 imekuokoa. Na maelezo polisi yasome kabla hujasaini, ukiona yameandikwa "niliendesha kwa mwendo kasi" na wewe hukusema hivyo, omba yarekebishwe hapohapo.

Pesa ya wakili kama huna, ulizia msaada wa kisheria halmashauri au ustawi wa jamii, wasaidizi wa kisheria wapo kwenye wilaya zetu na ile kampeni ya Mama Samia imepita huku pia. Wale wanaokufuata wodini wakisema watakufuatilia bima kwa nusu kwa nusu waambie asante. Popote utakapoenda beba kopi, orijino baki nazo nyumbani.